Saruji ya bakteria kwa visima vinavyovuja gesi: tathmini ya mtu wa rigi

Kwa wenye haraka: huduma hii ya kuziba visima kwa bakteria wanaotengeneza jiwe inafanya kazi. Kama bomba la kisima bado ni zima na gesi inapanda kwenye mwanya mwembamba ulioko kati ya bomba na saruji ya nje, sijaona kitu kinachoziba vizuri kuliko hiki. Kama bomba limeoza, msiwaite watu wa huduma hii. Mtalipa fedha nyingi na gesi itaendelea kutoka. Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima nitaeleza imeendea wapi.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu walioingia kwenye kazi hizi huku Pennsylvania, Ohio na West Virginia, na kwa vijana walioko nyumbani kwenye gesi ya Mtwara na Lindi, maana jambo hili litawafikia na wao.

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, fundi bomba niliyesomea VETA Mtwara. Siku hizi naishi Erie, Pennsylvania, na riziki yangu ni kuziba visima vya mafuta na gesi ambavyo wenyewe walishakufa au kampuni zao zilishafilisika. Kazi hiyo huku haiishi. Edwin Drake alichoronga kisima chake pale Titusville mwaka 1859, kina cha mita 21 hivi tu, na baada yake watu walitoboa kila mahali: mashambani, msituni, kando ya mito, hata uani kwa watu. Vingi havimo kwenye ramani yoyote. Mwishoni mwa 2021 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya miundombinu iliyotenga dola bilioni 4.7 kwa visima yatima vya namna hii, na fedha hizo ndizo zilizoingiza rigi (mitambo ya visima) nyingi ndogo kama yetu kazini.

Kinachotoka kwenye visima hivyo kwa sehemu kubwa ni methani. Ukiipima kwa kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ukaa. Lakini haidumu. Baada ya miaka kumi na kitu, sehemu kubwa yake huwa imeshavunjika hewani. Maana yake ni kwamba ukiziba leo, nafuu yake inakuja upesi, wewe mwenyewe ukiwa hai na wanao wakiwa bado wadogo. Ndiyo sababu naipenda kazi hii kuliko zote nilizowahi kufanya. Dunia nzima ilisikia habari za Aliso Canyon, California, pale kisima kimoja cha kuhifadhia gesi kilipopasuka Oktoba 2015 kikamwaga karibu tani 100,000 za methani hadi kilipozibwa Februari 2016. Visima vyetu hakuna anayevitangaza. Kimoja kinatoa kidogo, usiku na mchana, kwa miongo. Watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Princeton, akiwamo Mary Kang, walivipima visima vya zamani vya Pennsylvania, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba vichache kati yake ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya gesi yote. Nasi tunaona hivyo hivyo: unaweza kupita visima vingi vimetulia, kisha ukakuta kimoja kinavuma.

Na msidhani mtainusa. Methani haina harufu. Ile harufu ya mtungi wa jikoni hutiwa makusudi, na huku Marekani sheria za kuitia zilikuja baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, mwaka 1937, ulioua watoto na walimu karibu 300. Kisimani hakuna aliyetia harufu yoyote. Unategemea kipimagesi kilichoning'inia kifuani, na unajua kwamba methani ikifika asilimia 5 ya hewa, cheche moja inatosha.

Sasa tuje kwenye kisima chenyewe, maana bila kuelewa gesi inapita wapi huwezi kuipima huduma hii.

Kisima kina bomba la chuma, na nje ya bomba, kati yake na mwamba, humiminwa saruji. Asiyeijua kazi hudhani kuziba ni kujaza saruji ndani ya bomba, basi. Ndani si shida kubwa. Unashusha paipu, unapampu rojo, unapandisha, unangoja ikaze, kisha unashusha tena na kuigusa kwa uzito kuona kama imekuwa jiwe. Shida iko nje. Rojo ile ya nje ilipomiminwa, labda miaka ya 1980, ilipita kwenye saa za hatari: inapoanza kuganda hujishikiza kwenye kuta na kuacha kukandamiza chini kwa uzito wake wote, na kabla haijawa jiwe, gesi hupata upenyo ikajichimbia njia. Au tope la kuchorongea halikuondolewa vizuri, likabaki utando ambao saruji haikuweza kushikana nao. Au bomba limepata joto na baridi, presha juu presha chini, miaka nenda miaka rudi, mpaka likaachana na saruji kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Gesi haihitaji zaidi ya hapo.

Dawa ya kawaida ni kulitoboa bomba kwa baruti mahali palipochaguliwa na kusukuma saruji kwa nguvu ili itokee upande wa nje. Nimeshiriki kazi hizo sana. Zikifanikiwa ni nzuri na ni rahisi. Tatizo ni kwamba chembe za saruji ya kawaida ni kubwa mno kwa mwanya wa namna hii. Zinafika mlangoni zinabanana, maji yanatangulia peke yake, na zile zinazofuata zinajipanga ukuta. Huku juu geji ya presha inapanda, kila mtu anafurahi kwamba kisima kimeshiba, kumbe kilichozibwa ni mlango tu. Unakuja kuunganisha mpira kwenye vali ya nje, unatumbukiza ncha yake kwenye ndoo ya maji, na mapovu ni yale yale. Tena sasa bomba lina matundu ambayo jana halikuwa nayo. Saruji iliyosagwa laini zaidi husaidia, lakini nayo ina mpaka wake.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia. Asili ya mbinu hii ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, mjini Bozeman, wa Adrienne Phillips na wenzake. Walitumia bakteria wa udongoni anayeitwa Sporosarcina pasteurii, asiye na madhara kwa watu, wakampa urea. Ni urea hii hii ya mfuko tunayowekea mahindi. Bakteria huyu ana kimeng'enya kinachoivunja urea ikawa amonia na kaboneti. Ukiwa umetia na kalsiamu kloridi, kalsiamu inakutana na kaboneti na kuwa fuwele za kalsaiti, yaani chokaa iliyo jiwe, jamii moja na mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za Mikindani. Waliijaribu Alabama, kwenye kisima cha majaribio cha Gorgas, wakaziba ufa katika mwamba wa mchanga mita 340 hivi chini ya ardhi. Baadaye walirudi kwenye kisima hicho hicho kuziba njia zilizokuwa ndani ya saruji ya nje ya bomba.

Kioevu chao ni chepesi kama maji, na bakteria mwenyewe ana urefu wa mikromita chache tu. Anapita pale saruji inapokwama. Jiwe linaota ndani ya mwanya wenyewe, si mlangoni.

Kampuni iliyotufanyia kazi siitaji jina, kwa sababu baadhi ya niliyoyaona ni ya timu ile kwa siku zile, na sitaki yachukuliwe kuwa ndiyo sura ya huduma nzima.

Kazi ya kwanza niliyowaona wakiifanya ilikuwa shambani kwa bibi mmoja huko McKean, si mbali na Bradford. Kisima kiko nyuma ya banda la ng'ombe, kina cha mita 500 na ushee. Sisi tulikuwa tumeshatoboa na kusukuma saruji, na mapovu hayakupungua hata kidogo. Yule bibi alikuwa anatuletea kahawa kila asubuhi na kila asubuhi anauliza swali moja: maji yangu je? Kisima chake cha maji ya kunywa kiko hatua chache kutoka pale. Gesi ikipanda nje ya bomba haichagui pa kutokea, inaweza kuingia kwenye maji ya watu. Swali lake lilinikaa moyoni.

Wale watu walifika na gari moja na trela la matangi. Hakukuwa na mlingoti wala korongo. Msimamizi wao alikuwa mama mmoja mhandisi, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Asubuhi nzima hakugusa pampu. Alikaa kwenye gari na karatasi za vipimo: kipimo cha jinsi saruji ilivyoshikana na bomba, na kile cha kusikiliza sauti ya gesi kisimani. Bosi wetu alikuwa anahesabu saa za rigi iliyosimama, akamwambia aanze. Akakataa. Alisema hajui gesi inatoka kina gani, na ukiziba juu ya chanzo pasipo mwamba mgumu wa kukusaidia, gesi itazunguka tu. Alipopata kina alichokitaka, akatuomba tutoboe upya chini zaidi, palipo na tabaka la mwamba tope lisilopitisha kitu. Nimefanya kazi na watu wengi wa pampu. Wachache mno huanza kwa kusoma namna ile, na mimi naamini nusu ya mafanikio ilikuwa pale.

Kisha wakajaribu kwa maji matupu. Hii nayo muihitaji kutoka kwa yeyote mtakayemwita. Maji yakienda kwa wingi bila presha, nje kuna shimo, si mwanya, na hapo ni kazi ya saruji. Yakikataa kabisa, hakuna pa kumpitisha hata bakteria. Yale ya kwetu yalikwenda kidogo kidogo huku geji imepanda, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kusukuma kwenyewe ni kazi ya polepole. Bakteria kwanza, kisha kioevu cha kutenganisha ili jiwe lisiotee ndani ya paipu, kisha urea na kalsiamu, kisha kungoja. Halafu tena, na tena, mchana mpaka usiku. Aliyezoea saruji atachoka roho. Lakini kuna jambo ambalo saruji haijawahi kunipa: unaiona kazi ikifanyika. Presha ile ile, lakini kiasi kinachopita kinapungua kila mzunguko, na unaandika namba kwenye daftari moja chini ya nyingine zikishuka. Saruji ukishaipampu imekwenda. Itaganda ilipo, iwe pazuri au pabaya, na ukichelewa itaganda na paipu yako ndani. Hawa wanaweza kusimama, kupima, kuendelea.

Ndoo ile ya maji ilianza kutoa povu moja moja, kisha ikatulia. Tuliporudi baada ya majuma kadhaa pamoja na mkaguzi, ilikuwa bado imetulia. Tukapitisha na kamera ya infraredi, ile inayoionyesha methani kama moshi, na hapakuwa na moshi. Ndipo tukajaza saruji ndani ya bomba kwa utaratibu wa kawaida. Maji ya bibi yalipimwa, akatuonyesha karatasi ya majibu mwenyewe.

Sasa nyota iliyokosekana.

Upande wa Venango kuna visima vya zamani kweli, vya enzi ambazo hawakumimina saruji nje ya bomba. Vingine vilizibwa kwa magogo na mawe. Vingine viling'olewa mabomba wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kwa ajili ya chuma chakavu. Kwenye kimoja cha aina hiyo tuliletewa timu nyingine ya bakteria. Bomba lililobaki lilikuwa limeliwa na kutu, matundu kila mahali. Jaribio la maji lilionyesha wazi kwamba maji yanapotelea ardhini bila kizuizi. Walitakiwa waseme siku hiyo hiyo kwamba hapa si petu. Badala yake waliendelea mzunguko baada ya mzunguko, geji imelala chini, na kila mzunguko una bei. Hatimaye kisima kilizibwa kwa njia ya kizamani: tukasafisha shimo mpaka chini, tukaingiza bomba jipya, tukamimina saruji. Fedha za umma zilizopotea pale zingeziba kisima kingine, na hilo liliniuma.

Kuna na mengine madogo. Kioevu kinachorudi juu kina amonia. Ukisimama upande upepo unakoelekea macho yanawasha, na maji yale hayamwagwi ovyo, lazima yachukuliwe yakatupwe panapostahili. Baridi ni adui. Huku kwetu Januari bakteria wanapoa na kufanya kazi kivivu, kwa hiyo matangi yapashwe joto, na hita ikizima usiku kazi imelala. Joto kali nalo halifai, maana kile kimeng'enya huharibika. Visima virefu sana vyenye joto kubwa chini si mahali pake. Kwa vile vya kwetu, vifupi na vya baridi, hali ni nzuri.

Wengi wananiuliza kuhusu kizibo cha bismuthi. Nimekiona kikitumika. Ni aloi ya metali inayoshushwa kisimani na hita yake. Ile ya bismuthi na bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 138 za Selsiasi, na bismuthi ina tabia adimu ya kutanuka inapoganda, kwa hiyo inajibana yenyewe ukutani. Ndani ya bomba ni kitu madhubuti. Kwa ile njia nyembamba ya nje ya bomba, ningechagua bakteria.

Bei sitaitaja kwa sababu kila kisima kina yake. Kwa siku, huduma hii ni ghali kuliko saruji, hilo halifichiki. Ila hesabu ifanywe vizuri: saruji ya kwanza ikishindwa, ya pili ikishindwa, rigi imesimama, watu wamelala hotelini, methani inatoka muda wote huo. Mimi ningewaita baada ya saruji kushindwa mara moja, nisingengoja ya tatu.

Juzi nilimpigia mjomba wangu Mikindani. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mpwa wangu, hivi huko mnaziba visima ambavyo sisi huku ndiyo kwanza tunavifungua?" Nikamwambia ndiyo, mjomba, na ndiyo maana nasema mapema. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ilianza kwenda Dar es Salaam 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Uganda, mradi wa mafuta wa Tilenga peke yake umepangiwa visima zaidi ya 400. Kila kimoja kitakuja kuzibwa siku moja. Kijana unayefanya kazi kwenye visima hivyo, siku ya kumimina saruji ya nje ndiyo siku ya kuwa mkali: tope litolewe lote, bomba likae katikati ya shimo, maji ya kuchanganyia yapimwe, na kipimo cha mshikamano kisomwe na mtu asiyekuwa na haraka ya kuhamisha rigi. Jinsi siku hiyo itakavyokwenda ndivyo atakayekuja nyuma yako atakavyohitaji bakteria au asihitaji.

Kwa walioko huku na wanaotaka kuita huduma hii: ombeni waandike kwenye mkataba kwamba jaribio la maji ndilo litakaloamua kama kazi inaendelea, na kwamba likishindwa wanalipwa ujio wao tu. Ulizeni maji yenye amonia yanakwenda wapi na nani ana kibali cha kuyabeba. Ulizeni matangi yanapashwaje joto usiku. Na malipo ya mwisho yangoje ndoo ya pili, ile ya baada ya majuma kadhaa, mkaguzi akiwepo.